Malodi, Makabwela na Meza ya Karata

Kama uko jikoni unaandaa chakula cha jioni, endelea na kazi yako, sogeza redio tu. Na kama umekaa barazani na wenzako mnacheza karata, basi leo ni zamu yenu hasa, kwa sababu mazungumzo ya leo ni ya karata. Ila karata hizi wanazicheza wanasiasa, tena wa mabaraza mawili yaliyovutana kwa karne nyingi.

Nazungumzia mechi ya briji inayochezwa nchini Uingereza mwaka hadi mwaka tangu 1975. Upande mmoja wanakaa Malodi, yaani wajumbe wa lile Bunge la juu ambalo wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi wa kawaida. Upande wa pili wanakaa wabunge wa kuchaguliwa, wale wa Bunge ambalo sisi wasikilizaji wa redio tumezoea kuliita la Makabwela.

Utaniuliza, mechi ya karata ya Waingereza inatuhusu nini sisi? Swali zuri. Nina sababu mbili, na nazitaja mapema ili uzisubiri. Ya kwanza ni namna mechi hii inavyowapanga watu mezani: inamkuta mtu na mpinzani wake wa kila siku, inawaambia, leo ninyi ni wenza. Ya pili ni mtu mmoja ambaye mechi hii hakuwahi kuicheza, kwa kuwa alifariki miaka mitano kabla haijaanza, lakini kivuli chake kimo ndani yake. Mtu huyo mwezi Machi mwaka 1961 alikuwa Dar es Salaam, ndani ya ukumbi wa Karimjee. Tutafika kwake.

Kwanza tuwafahamu wapinzani wenyewe. Jengo la Bunge la Uingereza ni moja, kando ya mto Thames, lakini ndani yake mna nyumba mbili. Viti vya Makabwela ni vya kijani, vya Malodi ni vyekundu. Desturi ya zamani iliwazuia hata kutajana kwa jina: mbunge akitaka kuwasema Malodi alisema mahali pengine, na Lodi naye hivyo hivyo. Na kila Bunge linapofunguliwa rasmi, mjumbe anatumwa kutoka upande wa Malodi kwenda kuwaita Makabwela waje kusikiliza hotuba ya Mfalme. Akifika, anafungiwa mlango usoni. Anagonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi ndipo afunguliwe. Ndiyo namna yao ya kukumbushana kwamba mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia kwa Makabwela na askari kuwakamata wabunge watano, na tangu hapo hakuna mfalme aliyeruhusiwa kukanyaga mle ndani wabunge wakiwa kikaoni.

Ugomvi mkubwa zaidi wa enzi za karibu ulikuja mwaka 1909. Serikali ya chama cha Liberal ilipeleka bajeti iliyotaka matajiri na wenye ardhi walipe zaidi, ili wazee wapate pensheni na manowari zijengwe. Malodi, ambao wengi wao ndio hao wenye ardhi, wakaikataa. Bajeti! Jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo. Palifanyika chaguzi kuu mbili ndani ya mwaka mmoja wa 1910, na mwezi Agosti 1911 Malodi wakapitisha wenyewe, kwa kura 131 dhidi ya 114, sheria iliyowanyang'anya uwezo wa kuzuia miswada ya fedha. Waziri Mkuu aliyewashinda aliitwa Asquith. Na je, Asquith alipumzika vipi jioni? Kwa briji. Alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo huo, na watu walimsema kwa hilo hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa hiyo unaona, wasikilizaji, karata zilikuwamo katika siasa za Waingereza muda mrefu kabla ya mtu kufikiria kuandaa mechi.

Sasa tuuelewe mchezo, maana bila hapo mengine hayatanoga. Wale mnaocheza karata za watu wanne, wawili kwa wawili, mkiwa mmekaa kwa kuangaliana, mmeshafika nusu ya njia. Karata ni zile zile 52, kopa, uru, shupaza na pau, na kila mchezaji anapata 13. Turufu ipo. Anayeweka karata kubwa anakula, na turufu inakula zote. Mpaka hapo hakuna jipya, sivyo?

Jipya linakuja kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Katika briji, turufu inapatikana kwa mnada. Wachezaji wanapokezana kutaja: mimi na mwenzangu tutakula mizunguko kadhaa, na turufu iwe kopa. Mwingine anapanda: sisi zaidi, na turufu iwe shupaza. Anayetaja juu zaidi ndiye anayepewa, na sasa lazima atimize alichoahidi. Akipungukiwa, pointi zinakwenda kwa wapinzani. Mpangilio wa pointi unaotumika leo duniani ulitungwa na Mmarekani tajiri, Harold Vanderbilt, mwaka 1925, akiwa safarini melini.

Nataka tukae hapa kidogo kwenye mnada. Kila unachotaja kinampa mwenzako habari. Ukisema kopa, umemwambia kwamba una kopa nyingi. Ukikaa kimya, umemwambia pia. Na huruhusiwi kumwambia kwa njia nyingine yoyote: hupepesi jicho, hukohoi, huchelewi makusudi. Sisi tuliozoea karata za barazani, ambako kumkonyeza mwenzio ni sehemu ya utamu, tutaona ni ukali. Lakini kuna kanuni nyingine kali zaidi, nami naomba uishike, kwa sababu nitaihitaji baadaye. Ukiwa umepatana na mwenzako kwamba tamko fulani lina maana fulani, wapinzani wana haki ya kuijua maana hiyo. Wakiuliza, lazima waambiwe. Rudia nami: katika briji unaweza kuficha karata zako, lakini huwezi kuficha mapatano yako.

Kuna jambo la pili katika mashindano ya timu. Pana meza mbili. Meza ya kwanza, timu moja imekaa kaskazini na kusini, wapinzani mashariki na magharibi. Meza ya pili, wenzao wamekaa kinyume chake. Karata zikichezwa meza ya kwanza hazichanganywi. Kila mtu anaziweka mbele yake, na mwishoni anazirudisha kwenye kibao chenye mifuko minne, na kibao hicho kinapelekwa meza ya pili. Maana yake nini? Maana yake karata mbovu nilizopewa mimi meza hii, mtu wa upande wako atazipata meza ile. Na zile nzuri ulizopata wewe, mwenzangu atazipata pale. Hakuna wa kulalamika kwamba alionewa katika ugawaji. Matokeo yakilinganishwa, kinachoonekana ni nani alizitumia vizuri karata ambazo mwingine naye alikuwa nazo.

Hebu fikiria mambo hayo mawili yakiwekwa mbele ya watu wa siasa. Kazi yao ya kila siku ni kusema kwamba tulirithi hali mbaya, kwamba wenzetu walipata bahati. Hapa wanakaa mahali ambapo urithi ni mmoja na bahati ni moja.

Haya. Sasa nimefika kwa mtu wangu.

Anaitwa Iain Macleod. Alizaliwa mwaka 1913, wazazi wake wakiwa watu wa asili ya Uskochi. Alipomaliza Cambridge alipata kazi katika kampuni ya kuchapa noti na karata za kuchezea, lakini usiku alikuwa katika vilabu vya briji vya London akicheza kwa fedha, na asubuhi kazini haonekani. Kazi ikaisha. Haikumsumbua sana, kwa sababu karata zilimlipa zaidi ya mshahara. Alichezea Uingereza, na mwaka 1937 timu yake ilitwaa Kombe la Dhahabu, shindano kubwa la Waingereza. Alikuwa miongoni mwa vijana wachache waliotunga mfumo wa mnada unaoitwa Acol, jina la barabara moja ya London palipokuwa na klabu yao. Mfumo huo bado unafundishwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili aliingia Bungeni, mwaka 1950, kwa chama cha Conservative. Na mwezi Oktoba 1959 Waziri Mkuu Harold Macmillan akampa Wizara ya Makoloni. Kumbukeni mwaka huo ulivyokuwa. Mwezi Machi wafungwa 11 walikuwa wameuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya. Macleod aliamini kwamba kuendelea kutawala kwa namna ile kungeleta damu nyingi zaidi, na akaharakisha. Januari 1960 aliongoza mkutano wa Lancaster House, London, na ulipokwisha ilikuwa wazi kwamba Waafrika watapata wingi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Walowezi wa Kizungu wakamwona msaliti.

Hapo ndipo Malodi wanaingia. Tarehe 7 Machi 1961, Lodi Salisbury alisimama katika Bunge la Malodi. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ameongoza Bunge lile kwa niaba ya chama chake, chama hicho hicho cha Macleod, na mji mkuu wa Rhodesia ya Kusini, ambao leo tunauita Harare, ulikuwa na jina la babu yake. Salisbury alisema Macleod ni mjanja kupita kiasi. Akaenda mbali zaidi: akasema ni mchezaji briji hodari, na amechukua ufundi wa meza ya karata akauingiza katika mambo ya Afrika. Katika briji, alisema, si kosa kumzidi mpinzani akili, na inaonekana Waziri amewahesabu Wazungu wa Afrika kuwa ndio wapinzani wake.

Macleod hakuweza kujibu mle ndani, kwa sababu alikuwa wa Makabwela. Mawaziri wenzake waliokuwa Malodi, Kilmuir na Hailsham, walisimama kumtetea kwa hasira. Lakini neno lilikwisha kutoka, na lilimfuata hadi mwisho wa maisha yake. Wako waandishi wanaoamini kwamba lilimgharimu uwaziri mkuu.

Mimi nasema Salisbury aliukosea mchezo wenyewe. Kumbuka ile kanuni niliyokuomba uishike. Mchezaji briji anaficha karata, hafichi mapatano. Walowezi wa Kenya walikuwapo Lancaster House, Michael Blundell na wenzake, wameketi chumba kimoja na viongozi wa Kiafrika, wakisikia kila tamko na maana yake. Kuhusu Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, nakiri mazungumzo ya katiba yalipinda huku na huku, na Salisbury alikuwa na la kusema. Lakini kwa Kenya na kwa Tanganyika, kilichomuumiza ni matokeo. Alitaka mchezo ambao karata nzuri zinabaki upande mmoja vizazi vyote, na mtu akatokea aliyekubali zigawanywe upya.

Na tazama kilichofuata. Wiki tatu tu baada ya hotuba ile, tarehe 27 Machi 1961, Macleod yuko Dar es Salaam, anaongoza mkutano wa katiba wa Tanganyika katika ukumbi wa Karimjee. Mbele yake yupo Julius Nyerere, na Gavana Turnbull yupo. Mikutano ya namna hiyo kwa nchi nyingine ilichukua majuma mengi London. Huu ulimalizika kwa siku tatu. Tarehe 29 ikatangazwa kwamba Tanganyika itakuwa huru mwezi Desemba mwaka huo huo. Siku iliyotajwa kwanza ilikuwa Desemba 28, baadaye ikavutwa mbele hadi Desemba 9, siku tunayoijua sote. Mwalimu, kama wengi mnavyofahamu, alikuwa mpenzi wa bao. Napenda kufikiri kwamba watu wawili waliozoea kuhesabu hatua za mbele walielewana upesi.

Macleod aliondoka Wizara ya Makoloni mwezi Oktoba 1961, kabla ya sherehe zetu. Juni 1970 alifanywa Waziri wa Fedha, na mwezi mmoja baadaye, Julai 20, akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 56.

Kwa hiyo mechi ya Malodi na Makabwela ilipoanza mwaka 1975, kabwela aliyekuwa hodari kuliko wote hakuwapo. Nani basi aliyeiandaa? Hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa mwanamke aliyekuja London akikimbia.

Rixi Markus alizaliwa mwaka 1910 katika familia ya Kiyahudi huko Bukovina, eneo lililokuwa chini ya dola ya Austria, na akaishi Vienna. Mwaka 1937 alikuwamo katika timu ya wanawake ya Austria iliyotwaa ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata Hitler akaimeza Austria, na bingwa wa dunia akawa mkimbizi. London ilimpokea. Vita vilipokwisha alianza kucheza kwa niaba ya Uingereza, mara nyingi akiwa na mkimbizi mwenzake kutoka Vienna, Fritzi Gordon, na wawili hao walitisha meza za dunia nzima. Wenzao wanasema walikuwa wakigombana vikali wao kwa wao huku wakishinda. Mwaka 1974 Rixi akawa mwanamke wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa la ubingwa wa dunia katika briji, na mwaka 1975 Malkia akamtunuku nishani.

Aliandika safu ya briji katika gazeti la The Guardian kwa miaka mingi, na alijua kuwakusanya watu. Waziri, tajiri, mwigizaji, wote aliwaita mezani, na mara nyingi fedha ziliingia katika mifuko ya hisani. Nadhani ilihitaji mgeni kuona kilichokuwa mbele ya macho ya wenyeji: kwamba nyumba mbili zinazofungiana mlango kwa desturi zinaweza kukaa meza moja. Kombe linaloshindaniwa lina jina la Jeremy Flint, bingwa mwingine aliyekuwa mwandishi wa briji wa gazeti la The Times, na aliyefariki mwaka 1989.

Sasa narudi kwenye ile sababu ya kwanza niliyoitaja mwanzo. Mechi ni ya nyumba dhidi ya nyumba. Haikuwekwa chama dhidi ya chama. Timu ya Makabwela inaweza kuwa na mtu wa Conservative na mtu wa Labour, na timu ya Malodi vivyo hivyo. Kwa hiyo yule uliyemkemea mchana Bungeni ndiye unayemtazama usoni jioni ukingoja kujua ana kopa ngapi. Huwezi kushinda bila kumwamini. Akitaja shupaza, lazima ukubali kwamba anazo.

Hapa kwetu Tanzania jambo linalokaribiana na hilo mmeliona uwanjani. Wabunge mashabiki wa Simba wameshacheza mpira dhidi ya wabunge mashabiki wa Yanga, na siku hiyo mtu wa CCM na mtu wa upinzani walivaa jezi moja. Mnakumbuka vicheko vile? Tofauti ni kwamba mpira wa wabunge unakwisha kwa dakika chache na pumzi zimeshakata. Briji ni saa nyingi za kukaa na kutazamana.

Na kuna kitu kingine kinachonifurahisha. Mbunge akistaafu na kupewa ulodi, anahama timu. Wale aliokuwa akiwatungia mbinu ndio sasa wenza wake. Harold Lever wa chama cha Labour, waziri katika serikali ya miaka ya 1970 na mchezaji aliyeheshimika sana, alifanywa Lodi mwaka 1979. Kwa njia hiyo Malodi wanapokea wachezaji waliokwisha kukomaa kwa wenzao. Mchezaji briji hazeeki upesi, na Lodi ana muda kuliko mbunge mwenye wapiga kura wa kuwatembelea. Sishangai kwamba katika hesabu ya miaka yote Malodi ndio walioshinda mara nyingi zaidi.

Mechi imezaa nyingine. Baadaye kundi la matajiri wa Marekani walivuka bahari kucheza na wabunge wa Uingereza. Nasi Afrika Mashariki tuna michezo ya mabunge yetu, wabunge wa nchi zetu wanakutana kwa mpira, netiboli, riadha na kuvuta kamba. Karata sijaziona zikitajwa humo, na bao pia sijalisikia. Naona ni wakati wa kuziombea nafasi, kuanzia na bao, ambalo mabingwa wake tunao na halihitaji kuvuka bahari.

Wewe msikilizaji unaonaje? Ungependa kuona nani na nani wamewekwa upande mmoja wa meza? Tuandikieni, barua zenu tutazisoma katika mazungumzo yajayo. Na wale mliokuwa barazani, samahani kwa kuwakatiza. Endeleeni, ila leo msikonyezane.